Rimoti yangu ya 2014 bado inarusha ndege, kwa nini kila mwaka naambiwa imepitwa?

#1 BawaLaFomu

Wakuu salaam.

Hili jambo limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitema. Nina Taranis X9D Plus, shemeji aliniletea kutoka Guangzhou mwaka 2014. Imerusha kila kitu nilichowahi kuunda: glaida za fomu, trena ya balsa, bawa tupu lisilo na mkia, na sikukuu moja iliendesha hadi boti ya mwanangu kwenye beseni. Plastiki imepauka, na swichi ya begani inataka uijue tabia yake. Ila ukiiwasha inawaka, ukisukuma stiki ndege inatii.

Sasa tazameni. Tangu niishike, kampuni ileile, FrSky, imeshatoa Horus X12S, QX7, X10, X-Lite, X9 Lite, halafu X9D Plus nyingine waliyoibatiza 2019, halafu ukoo mzima wa X20 wenye mfumo wao wa ETHOS. Nikigeuka upande wa RadioMaster, kati ya 2020 na mwisho wa 2023 nimeona TX16S, TX12, Zorro, TX16S MKII, TX12 MKII, Boxer na Pocket. Simu zenyewe zina aibu kidogo.

Jumapili tulikuwa Mlandizi kwenye shamba la mjomba. Kijana mmoja akaishika rimoti yangu, akaigeuzageuza kama amepewa santuri, akasema, "Mzee hii si ungeiweka makumbusho?" Nikacheka. Nikarudi nyumbani nikakaa hadi saa saba usiku naangalia bei.

Maswali yangu mawili tu. Haya matoleo yanaongeza nini cha maana kwa mtu anayerusha ndege Jumapili? Na nyie mliobadilisha, mligharimika kiasi gani kwa jumla? Nisemapo jumla simaanishi bei ya rimoti tu.

Nina ndege tisa zenye risiva ndani, vile vipokezi vinavyosikiliza rimoti. Hapo ndipo ninapoogopa.

---

#2 Pangaboi_Mbovu

Naweka kambi hapa. Chai na mihogo tayari.

---

#3 KikapuChaLipo

Mkuu BawaLaFomu, kwa heshima zote, huyo kijana hakukosea sana 😅

Nilikuwa na msimamo kama wako mpaka niliposhika Boxer. Stiki zake zinatumia sumaku badala ya mkaa, skrini inaonekana juani, unachaji kwa waya uleule wa simu. Pocket nayo unaitia mfukoni, vichwa vya stiki unavichomoa. Mimi huruka droni ndogo za mashindano, nyumbani na kwenye simuleta, na sitaki kubeba kitu kama redio ya mjumbe wa nyumba kumi.

Ila swali lako la pili limenichoma. Kabla ya hapo nilinunua rimoti ya kampuni nyingine, jina naliweka kapuni. Ilikuwa na kioo cha rangi na nyimbo za kuwashia. Miaka miwili baadaye wakatoa toleo jipya lenye lugha mpya ya kuongea na risiva, na risiva za lugha ya zamani zikawa za kuwindwa kama dhahabu. Niliyoipata ya mwisho niliilipia mara mbili ya bei niliyonunulia ya kwanza. Rimoti nzima kabisa, haina hata mkwaruzo, nimempa mpwa wangu anachezea simuleta.

---

#4 MzeeWaKristali

Vijana, naona mnalia na lugha za risiva. Kaeni niwape ya zamani.

Nilianza huu mchezo nikiwa Uingereza. Ndege zilikuwa kwenye 35 MHz, magari na boti kwenye 27 na 40. Marekani wao walikuwa na 72 kwa ndege na 75 kwa vya ardhini. Kila rimoti ilikuwa na kristali yake, kipande kama punje ya maharage, na ndiyo iliyoamua chaneli yako. Klabuni kulikuwa na ubao wa vibanio. Huwashi rimoti mpaka umechukua kibanio cha chaneli yako. Ukijifanya mjanja ukawasha wakati mwenzako yuko hewani na chaneli ileile, ndege yake inakwenda chini mbele ya macho yako, na jioni hiyo huna rafiki.

Ilipokuja 2.4 GHz, Spektrum na DX6 yao ya 2005, kisha DX7 mwaka uliofuata, watu walisema haya haya: mauzo tu, rimoti zetu nzima, wanataka hela. Lakini ule ulikuwa mruko wa kweli. Vibanio vyote vikaisha kazi. Rimoti na risiva zinaoanishwa, zinajuana zenyewe, watu kumi wanaruka pamoja hakuna anayemwangusha mwenzake.

Kwa hiyo mimi sina ugomvi na kubadilika. Swali langu kwa kila toleo jipya ni moja: limeniondolea kibanio gani?

---

#5 BawaLaFomu

Shikamoo mzee. Hilo swali la kibanio nimelichukua, litakuwa langu kuanzia leo.

Kwa kipimo hicho, nyingi ya hizi MKII na Pro na S sioni zimeondoa kibanio gani. Zimebadilisha koti.

---

#6 FundiKirumba

Niingie hapa, maana mimi hizi nazifungua. Mwanza, mezani kwangu simu ndizo zinazolipa kodi, rimoti ni mapenzi.

Wakuu, tenganisheni vitu vitatu. Kuna boksi: plastiki, stiki, swichi, skrini, betri. Kuna ubongo: programu inayochanganya chaneli, EdgeTX, OpenTX, ETHOS na wenzake. Na kuna mdomo: moduli ya redio inayozungumza na risiva. Mtu akikwambia "rimoti mpya imetoka", muulize kipi kati ya hivyo vitatu ndicho kipya.

Boksi likibadilika, ni raha ya mkono tu. Ubongo ukibadilika, mara nyingi hakuna gharama. EdgeTX ilichipuka kutoka OpenTX mwaka 2021, ni ya bure, na inakubali rimoti za kampuni mbalimbali zikiwemo za zamani. X9D Plus ya mkuu hapo juu imo. Unaflashi tu, kama tunavyoflashi simu, ila kwanza unahifadhi mipangilio yako pembeni. Tafadhali usiruke hatua hiyo halafu uje kunililia.

Mdomo ukibadilika, hapo ndipo mfuko unatoboka. Lugha mpya inataka risiva mpya kwenye kila ndege. Tisa zako mkuu, tukisema dola 20 kwa risiva moja, ni dola 180, na rimoti yenyewe hujaigusa. Hiyo ndiyo gharama ambayo tangazo halikuonyeshi, kwa sababu picha ya tangazo ni ya boksi.

Tuwe wakweli vilevile. Si kila toleo ni ulafi. Mwaka 2021 chipu ziliadimika dunia nzima, na STM32, ambazo ndizo zimo kwenye rimoti nyingi za aina hii, zilipanda bei mpaka watu wakazing'oa kwenye mabodi mengine. Ukikosa chipu unachora bodi upya kwa ile unayoipata. Ukishachora bodi upya unaona bora utengeneze na koti jipya.

---

#7 BawaLaFomu

Fundi, hapo umenigusa. Na niungame kitu.

Mwishoni mwa 2019 kuingia 2020 FrSky walitoa ACCST V2, toleo jipya la lugha yao ya redio baada ya V1. Kuipata inabidi uflashi rimoti na kila risiva, moja moja, kwa sababu V1 na V2 hazielewani kabisa. Mimi sikuflashi. Risiva zangu zote tisa ziko V1 mpaka leo. Niliona ni usumbufu wa kunisukuma ninunue vipya.

---

#8 MzeeWaKristali

Hapana mwanangu, hapo umekosea na nakwambia mbele ya watu.

Ile V2 haikuwa koti. Kampuni yenyewe ilisema inarekebisha hali ambayo servo, kile kijimota kinachosogeza usukani, inaweza kusogea yenyewe bila kuamriwa. Ilikuwa nadra, ndiyo. Watu waliruka miaka na miaka hawajaiona. Lakini ni servo ya usukani wa ndege ya kilo tatu inayojiamulia, na chini kuna watoto wa mjomba wako Mlandizi.

Huo ndio ubaya wa kuchoshwa na matoleo. Yakija kumi ya koti, la kumi na moja likiwa la usalama unalipita kama mengine.

---

#9 BawaLaFomu

Nimepokea mzee. Sina la kujitetea.

---

#10 NusuSekunde

Hamjambo. Niko Nairobi, mimi ni wa magari, yale ya mizani ya moja kwa kumi, ya umeme. Nataka kuwapinga kidogo.

Mnaongea kana kwamba faida ya toleo jipya haionekani. Njooni upande wa magari. Ukihama kutoka rimoti ya bei rahisi uende Sanwa M17 au Futaba 7PX, unaisikia kwenye kona ya kwanza. Gari linageuka wakati unawaza, si baada ya kuwaza. Kuchelewa kwa mawimbi ni kitu halisi. Kwenye lap ya sekunde kumi na nane watu wanatenganishwa na upana wa nywele.

Kwa hiyo Sanwa wakitoka lugha yao ya FH4 kwenda FH5, mimi sisemi "koti". Nasema wamenipunguzia muda.

---

#11 FundiKirumba

Ndugu NusuSekunde karibu, na uko sahihi kwa gari lako. Lakini hebu tuweke hesabu mezani, maana watu wa ndege wanachukua sifa ya gari na kuilipia bila kuitumia.

Lugha ya zamani ya D16, hiyo ya X9D, inatuma pakiti kila milisekunde 9. Ukitumia chaneli nane, zinajaa kwenye pakiti moja. Ukitumia kumi na sita, zinapokezana, kila moja inapata habari mpya baada ya milisekunde 18. ExpressLRS, lugha mpya ya redio, kwa 250 Hz ni milisekunde 4, kwa 500 Hz ni milisekunde 2. Kwenye karatasi, mbingu na ardhi.

Sasa angalia upande wa pili wa waya. Servo ya analogi, zile za kawaida zilizomo kwenye trena nyingi, inapokea amri mara 50 kwa sekunde. Ni kila milisekunde 20. Unaleta barua kila milisekunde 2 kwa mtu anayefungua sanduku la posta kila milisekunde 20. Servo ya dijitali ya kasi, yenye 333 Hz, inafungua kila milisekunde 3, na hiyo ndiyo iliyomo kwenye gari la mashindano. Droni nayo haina servo kabisa, bodi ya kuongozea inameza pakiti kama zinavyokuja. Kwa hiyo NusuSekunde na KikapuChaLipo wananufaika kweli. BawaLaFomu na glaida yake ya fomu wala hatajua.

---

#12 NusuSekunde

Sawa fundi, hapo sina ubishi. Mfano wa posta nitauiba.

Lakini hata mimi nakiri kitu. Nilipobadilisha rimoti nilibadilisha na servo wiki ileile. Kwa hiyo sijui hasa ni kipi kilinipa hiyo kona.

---

#13 Pangaboi_Mbovu

😂😂 mihogo imeniingia puani

---

#14 BintiMasafa

Habari za jioni wakubwa zangu. Nafanya kazi kwenye minara, nasoma huu uzi tangu asubuhi na kuna kitu kinanitia wasiwasi.

Wengi mkisoma majukwaa ya Wamarekani mnaona wanasifu moduli za 915 MHz kwa masafa marefu. Kwao ni bendi huria. Kwetu sisi Afrika, kama Ulaya, mgao wa masafa ni mwingine. Hapa mitandao ya simu ya GSM 900 inatumia 880 hadi 915 kwa simu kupanda mnarani, na 925 hadi 960 kwa mnara kushuka kwa simu. ExpressLRS ikiwekwa kwenye 915 ya Marekani inarukaruka kuanzia takriban 903 hadi 927. Yaani unakanyaga pande zote mbili.

Kwa hiyo ndege yako inapigiwa kelele na minara, na wewe unaipigia kelele minara. Inapotokea kuna kelele kwenye upande wa kupanda, sisi hutumwa kumtafuta mwenyewe kwa antena ya mkononi. Msinifanye nije kumkamata mtu wa uzi huu.

Kama mnabadilisha, bakini 2.4 GHz. Kwa ndege ya kuonekana kwa macho inatosha na kubaki. Vibali vya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ni uzi mwingine, ila navyo msivisahau.

---

#15 KikapuChaLipo

Dada BintiMasafa hii ni elimu ya bure kabisa. Nilikuwa na moduli ya 915 kwenye kikapu cha kununulia, nimeitoa sasa hivi.

---

#16 MatembeziHamburg

Nami niongeze tahadhari kwa wale mnaopelekewa vitu na ndugu zenu wa huku.

Tangu Januari 2015 Ulaya inadai rimoti za 2.4 GHz zisikilize kwanza kabla ya kutuma, au zifuate masharti mengine ya kugawana hewa. Kwa hiyo FrSky wakawa na programu mbili, ya Ulaya na ya kimataifa, na haziongei. Nilimpelekea rafiki yangu Tanga risiva tatu za X8R kama zawadi ya harusi. Zilikuwa za Ulaya, rimoti yake ni ya kimataifa. Alizibonyeza siku mbili, taa zake zikawa zinamkonyeza tu. Tiba yake ni kuziflashi kwa waya, si kununua nyingine, lakini yeye alikuwa ameshaniona mimi tapeli.

Na Spektrum vilevile, lugha yao ya zamani ya DSM2 ilishindwa masharti hayo, huku zikabaki DSMX. DSM2 huchagua njia mbili ikiwashwa na kubaki hapohapo, DSMX inaruka juu ya njia 23.

---

#17 StikiMbili

Samahani kwa swali la kitoto. Mimi ndiyo naanza, nina FlySky FS-i6 niliyonunua kwa mtu Kariakoo. Kila video ninayoangalia wanasema usinunue i6, ni ya zamani. Niiuze?

---

#18 FundiKirumba

Usiiuze. Ulisharuka nayo?

---

#19 StikiMbili

Bado fundi. Ndege sijamaliza kuigundi.

---

#20 FundiKirumba

Basi gundi kwanza.

i6 inakula betri nne za kawaida za AA, hata kijijini dukani unazipata, hiyo peke yake ni sifa ambayo rimoti za bei mbaya hazina. Ina chaneli sita, na kuna programu ya wapenzi wa mchezo inayoifikisha kumi, unaiingiza kwa waya wa serial kupitia tundu la nyuma la kuunganishia rimoti ya mwalimu. Risiva za lugha yake, AFHDS 2A, zimejaa. Ina udhaifu wake: kumbukumbu ndogo, mchanganyo wa chaneli ni wa kubanabana, na stiki zake zinatumia mkaa.

Hili la mkaa nilieleze kidogo, maana ndilo linalowafanya watu wadhani rimoti nzima imekufa. Chini ya stiki kuna kidude sawa na kile cha voliumu ya redio: kijiti kinateleza juu ya utepe wa mkaa. Miaka ikienda utepe unalika, vumbi linaingia, servo inaanza kutetemeka wakati hujagusa kitu. Ni ile kwaruu kwaruu ya redio ya zamani ukigeuza sauti. Stiki za sumaku hazigusani, kihisi kinasoma sumaku ikizunguka, hakuna cha kulika. Ukinunua rimoti mpya leo, hilo lipe uzito kuliko rangi ya skrini.

Na mkuu BawaLaFomu, X9D yako ilitengenezewa stiki za sumaku za kubadilisha, zinaitwa M9. Skrubu nne na soketi kila upande. Angalia kama bado zinapatikana.

---

#21 BawaLaFomu

Fundi, umejuaje kama servo zangu zinatetemeka? Sikuandika popote.

---

#22 FundiKirumba

Rimoti ya 2014 ya Dar, chumvi ya bahari hiyo. Ningeshangaa zisingetetemeka.

---

#23 KikapuChaLipo

Swali kwa fundi. Akiamua kununua mpya, kwa mfano TX16S, zile risiva zake tisa ndiyo basi?

---

#24 FundiKirumba

Si lazima. Kuna matoleo yenye moduli ya lugha nyingi, ndani yake kuna chipu nne za redio. CC2500 inaongea na FrSky na S-FHSS ya Futaba. A7105 inaongea na FlySky. CYRF6936 inaongea na Spektrum. NRF24L01 inaongea na madude ya kuchezea, zile helikopta za watoto. Risiva zake za D16 zitaoana na hiyo CC2500, V1 au V2, anachagua kwenye menyu. Kuna hatua moja watu huisahau: chipu hiyo inataka kurekebishwa masafa kidogo kwa namba ya pembeni, unapanda na kushuka mpaka upate katikati. Ukiiruka, inaoana vizuri mezani halafu mita mia inapotea.

Lakini akinunua toleo la ExpressLRS peke yake, ndiyo basi. Ndiyo maana TX16S mbili zenye sura moja dukani zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kwako. Soma herufi ndogo za moduli.

Na ExpressLRS nayo si malaika. Toleo la 3 lilitoka 2022 na haliongei na la 2. Tofauti ni kwamba risiva nyingi zake unaziapdeti kwa WiFi ukiwa umekaa kitandani, si kwa kufungua tumbo la ndege.

---

#25 MzeeWaKristali

Hiyo ya kitandani ni kibanio kimeondoka. Naikubali.

---

#26 BawaLaFomu

Wakuu nimerudi baada ya siku nne. Nimetembea na ushauri wenu, nimefanya yafuatayo.

Kwanza, nimeflashi V2. Rimoti na risiva zote tisa. Jumamosi nzima ilikwisha. Mbili zilikuwa zimegundiwa ndani ya bawa, nikapasua fomu kwa wembe huku nikiomba radhi. Moja ikagoma mara tatu, kumbe ilikuwa waya wangu wa nyekundu na nyeusi nimezigeuza. Nashukuru Mungu haikuungua. Mzee, niko safi sasa.

Pili, mchana huo huo nilipofungua tumbo la rimoti nilikuta betri yake ya NiMH, zile za nikeli za kuchaji, imevimba upande mmoja. Miaka yote hii nilikuwa nasema inaisha haraka kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Baridi ya Mlandizi!

Tatu, nimepiga hesabu ya kununua TX16S na risiva tisa mpya, nimeifuta. Kisha nimepiga hesabu ya moduli moja ya ExpressLRS ya 2.4 GHz inayoingia kwenye lile tundu la nyuma la X9D, ambalo tangu 2014 sijawahi kuliingiza kitu. Ndege za zamani zitabaki na moduli ya ndani, kila moja na kumbukumbu yake. Ndege mpya ninayounda itapewa risiva ya lugha mpya. Ikianguka moja ya zamani na kufa, mrithi wake anaingia upande mpya. Sihami nyumba, najenga chumba.

Swali lililobaki ni betri. Naona watu wanaweka lithiamu.

---

#27 FundiKirumba

Safi sana mkuu. Moduli ikikataa kuelewana na rimoti, kabla hujaanza kutukana shusha spidi ya mawasiliano kati yao kwenye mipangilio ya modeli, rimoti za umri huo wakati mwingine zinashindwa spidi kubwa.

Betri, soma kwa makini. Sakiti ya kuchajia iliyomo ndani ya hiyo X9D imetengenezwa kwa NiMH tu. Ukiweka lithiamu, ni ya kuitoa na kuichaji nje kwa chaja yake. Usiichomeke chaja kwenye rimoti kamwe ukiwa na lithiamu ndani. LiFe, aina mojawapo ya lithiamu, ya seli mbili, volti 6.6, ndiyo tulivu zaidi kwa rimoti hiyo. Na usisahau kushusha alama ya onyo la betri kwenye menyu ilingane na betri mpya, la sivyo itakulilia tangu unapoiwasha au isikulilie kabisa.

Kama mikono yako inasahau, weka NiMH nyingine, yaishe.

---

#28 BawaLaFomu

Mikono yangu inasahau. NiMH.

---

#29 NusuSekunde

Na mimi nilirudi kufanya jaribio. Nimechukua rimoti ya zamani, nikaioanisha na risiva yake kwenye gari lilelile lenye servo mpya. Lap kumi kwa kila rimoti, tairi zilezile, rafiki ameshika saa.

Sitasema matokeo. Mke wangu anausoma huu uzi na anajua bei ya M17.

---

#30 Pangaboi_Mbovu

Ameshasema 😂

---

#31 StikiMbili

Fundi nimemaliza kuigundi. Bawa moja limekaa juu kuliko lingine kama milimita nne. Itaruka?

---

#32 MzeeWaKristali

Itaruka ikizunguka. Weka picha, mwanangu, na upime kutoka ncha ya bawa mpaka mkiani kila upande. Usiwashe rimoti mpaka tumeiona.